Hatua Kumi na Mbili za Kivuli

"Neno moja tu nakuomba," Euphrasia alimwambia Enos asubuhi ile, huku akifunga boksi la miche nyuma ya pikipiki kwa kamba ya mpira. "Tukifika kwa baba, zungumza ng'ombe. Zungumza mvua. Zungumza samaki mpaka uchoke. Ndege usiwataje."

Enos Masatu alicheka akidhani ni utani. Alipoona mwenzake hacheki, akavua kofia ya pikipiki akaishika kifuani.

"Na akiniuliza miche ni ya nini?"

"Mwambie ni ya uzio."

"Si ni kweli ni ya uzio."

"Basi. Ishia hapo hapo."

Walikuwa wamesimama mbele ya kitalu cha Euphrasia pale Nyasura, Bunda, kando ya neti nyeusi ya kivuli aliyoitundika kwa mikono yake mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, na siku hiyo Enos alikuwa anakwenda Mugeta kuonekana kwa mara ya kwanza mbele ya Mzee Wanzagi, baba yake Euphrasia. Wazee wa Enos hawakuwa wametumwa bado. Mwenyewe ndiye aliyeomba atangulie, auone uso wa mzee kabla ya kumsumbua mtu mwingine. Mzee akimkubali, posa ingefuata. Akimkataa, mambo yangeishia pale, kwa maana Euphrasia alimjua baba yake. Alishawakataa wachumba wawili, mmoja kwa kuchelewa, wa pili kwa kumpiga ng'ombe teke, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudishwa. Euphrasia alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Safari hii moyo wake ulikuwa umeingia mzima mzima, na jambo hilo ndilo lililomtisha.

Habari ya ndege ilikuwa hivi. Misimu miwili iliyopita kwelea kwelea walishuka kwenye mtama wa Mzee Wanzagi siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani. Ibada ilipokwisha, shamba lilikuwa mabua matupu. Tangu siku hiyo, mtama ukianza tu kuingia maziwa, mzee haonekani kanisani. Hushinda juu ya dungu lake, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, kombeo mkononi, akiamia ndege toka alfajiri mpaka giza. Mtu akitaja ndege mbele yake ni kama amemtaja mwizi.

Na Enos, katika watu wote wa Mara, alikuwa mtu anayetafuta ndege.

Alikuwa amefika kitaluni mwezi wa pili, mikono ina grisi, maana alikuwa fundi wa injini za mitumbwi kule Mwigobero, Musoma. Watu wengine huja kuomba michongoma, au miche ya maembe ya kisasa. Yeye alisimama kati ya mistari ya mifuko, akasema, "Dada, natafuta mmea unaovumilia kivuli, unaozaa vitunda vidogo, na ndege wavipende." Euphrasia aliinua kichwa. Alimtazama muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mteja, naye Enos hakuangalia pembeni.

Alimweleza kwamba ni kwa ajili ya mama yake kule Kiriba, mama Hilda, aliyepoteza macho kwa presha ya macho. Nyuma ya nyumba yao kuna mwamba mkubwa umeinama kama mtu anayesikiliza, na chini yake mama alikuwa na uzio wa zamani uliojaa ndege. Uzio ulikatwa walipoongeza chumba, na ndege wakaenda zao. "Mama anasema siku hizi asubuhi inakujaga kimya," Enos alisema. "Anaamka, hajui kama kumekucha."

Euphrasia alikwenda Kiriba mwenyewe kupaona. Alikaa na mama Hilda kutwa nzima, akifuata jua lilipogusa ardhi na lilipoondoka. Kwenye ncha mbili za uzio, penye jua la asubuhi, alichagua miforsadi, maana ndege kama shore na kuzumburu hawawezi kuipita miforsadi iliyoiva. Kuelekea ndani aliweka mikwamba yenye vitunda vyeupe. Lakini katikati, chini kabisa ya mwamba, palikuwa na kivuli cha siku nzima, na hapo hakuwa na mche wa kuweka. Enos alitembea pembeni yake wakikipima kivuli hicho kwa miguu, akihesabu kwa sauti. Walipofika saba macho yao yalikutana, wakasahau hesabu, ikabidi waanze upya. Zilikuwa hatua kumi na mbili. Mtandamboo, kile kichaka cha miiba chenye vitunda vyeusi, ungefaa pale, Euphrasia alifikiri, lakini mbegu zake alikuwa amezipanda kitaluni mara mbili na mara zote mbili hazikuota. Basi alipaacha wazi, akawa anapaombea, maana hakuona haya kumpelekea Mungu hata habari ya uzio.

Safari ya Mugeta iliwachukua saa nzima na ushee, na miche walikwenda nayo kwa kuwa kutoka huko Enos angeipeleka Kiriba. Mzee Wanzagi aliwapokea uani, mrefu, mkavu, kombeo limening'inia shingoni kama skafu. Enos aliinama, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti isiyo na joto wala baridi. Aliyemchangamkia ni shangazi Bhoke, dada yake mzee, aliyeshika nyumba ile tangu mama yake Euphrasia alipofariki. Shangazi alimzunguka Enos mara moja kama anayekagua mbuzi mnadani.

"Huyu ndiye wa ziwani? Mbona hanuki samaki?"

Enos alifungua mfuko, akamkabidhi sato wawili wakubwa. "Harufu nimewaachia hawa, shangazi."

Shangazi alicheka mpaka akashika nguzo. Hata mzee alijikuna kidevu kuficha kitu.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kama barabara ya lami. Enos alizungumza mvua. Kuhusu ng'ombe hakujua kitu, na alisema hivyo wazi, kisha akauliza na kusikiliza, na mzee, ambaye hakuna kitu alichokipenda kama mtu anayeuliza, alimtembeza zizini akimtajia ng'ombe mmoja mmoja kwa jina na kwa ukoo. Euphrasia aliwatazama kutoka jikoni, mabega mawili yakienda pamoja, akajiambia kwamba labda mwaka huu Mungu amemkumbuka. Shangazi alimsukuma kidogo kwa kiwiko. "Geuza samaki, mama. Huyo haendi popote."

Chakula kilipotengwa, ugali wa mtama na sato wa nazi iliyopatikana kwa bahati, mzee alisema mgeni awaombee. Wote wakafumba macho.

"Baba yetu," Enos alianza, polepole, "tunakushukuru kwa chakula hiki na kwa mikono iliyokipika. Umbariki mzee huyu na nyumba yake. Uubariki mtama ule ulioko shambani, ukomae salama."

Laiti angesema amina hapo. Lakini kwa miezi mitatu Enos alikuwa akiomba kila asubuhi na kila jioni, kwa maneno yale yale, na ulimi wake ulishaizoea njia. Ukaendelea wenyewe.

"Na mama yangu kule Kiriba, Bwana, umpe uzio wake uote vizuri, na ndege waje. Waje wengi, Bwana, wakae na watoto wao na watoto wa watoto wao. Amina."

Euphrasia alifungua jicho moja. Lilikutana na jicho moja la shangazi. Mkono wa mzee ulikuwa umesimama juu ya ugali. Shangazi peke yake ndiye aliyeitikia amina, taratibu, kama mtu anayefunga mlango katika nyumba yenye mgonjwa.

"Waje wengi," mzee alisema.

Enos alikuwa ameshajua alichofanya. Euphrasia alimwona akiamua. Angeweza kusema ni maneno tu ya maombi. Hakusema hivyo. Alimweleza mzee yote: macho ya mama, mwamba, uzio uliokatwa, asubuhi inayokuja kimya. Alisema amekuja Bunda kutafuta vitunda vya kuwaita ndege, akampata binti yake, na kwamba vyote viwili hakupanga kumficha, ila aliogopa.

Mzee alinawa mikono, ingawa hakuwa amekula hata tonge. "Nionyeshe hiyo miche."

Boksi lilifunguliwa. Miforsadi aliitazama, akaiweka kando. Mikwamba pia. Ndipo Enos, kwa uso wa mtu anayetaka kuokoa jahazi, akatoa chini kabisa furushi la gunia ambalo Euphrasia hakuwa ameliona.

"Hili nilitaka kumshtukiza Euphrasia," alisema. "Jana nilipitia Butiama kwa mteja, nikaona kichaka kimestawi chini ya miti, kivulini kabisa. Kimejaa vitunda vyeusi, na ndege wamo ndani. Nikasema, Mungu amejibu, hizi ndizo hatua zetu kumi na mbili."

Ilikuwa lantana. Mashina matatu, na maua yake ya njano na ya pinki yamesinyaa kwa joto. Euphrasia aliitambua mara moja.

Mzee alishika shina moja kwa vidole viwili. "Huu unaujua?"

"Jina sijui, mzee."

"Mimi naujua. Uliniulia ndama." Sauti yake haikupanda. Alieleza kwamba mtu alifyeka akatupa matawi kando ya zizi, ndama mwekundu akala. Siku ya tatu ngozi ya pua ilianza kubabuka kwa jua. Macho yakawa ya njano. Siku ya tisa hakusimama. "Na ndege wako hao wakila vitunda vyake, wanapandaga mbegu kila wanapotua. Ukiuweka kwenu leo, baada ya miaka minne uko kwenye malisho ya kila mtu. Kwenu hakuna ng'ombe?"

"Sisi tuna mitumbwi, mzee. Jirani ndiye ana ng'ombe wanne."

"Basi ungewaua wa jirani."

Enos alichukua mashina yale matatu na hata majani yaliyodondoka, akauliza achome wapi. Mzee alimwonyesha shimo la taka kwa kidevu, kisha akajitupia kombeo begani na kuelekea shambani bila kugeuka.

Walibaki wawili mbele ya moshi.

"Nimeharibu," Enos alisema.

"Umeharibu."

"Niondoke?"

Euphrasia alitaka kulia na alitaka kucheka, na hakujua kipi kianze. Huyu mtu alikuwa amechimba sumu kwa mikono miwili, kwa upendo wote, akaifunga kwenye gunia lenye maji ili isinyauke. "Ukiondoka sasa umekataliwa," alisema. "Hajakufukuza. Amekwenda shambani, na saa hizi ndege wameanza kushuka. Nenda."

"Nikafanye nini?"

"Utaona mwenyewe."

Alipokwenda, Euphrasia alirudi jikoni kuosha vyombo vya chakula ambacho hakikuliwa. Mikono ikiwa ndani ya beseni, aliomba, na hakuomba baba yake abadilike, maana hilo alishaliomba miaka mingi. Aliomba tu kwamba jibu lolote litakalotoka kule shambani, lisimfundishe kumchukia baba yake. Alipomaliza alijifuta macho kwa kiwiko. Shangazi akamtwika jagi la togwa. "Wapelekee. Na usikimbie, utamwaga."

Alikimbia. Akamwaga kidogo.

Enos alikuwa juu ya dungu, kombeo la mzee mkononi, akizungusha kama mtu anayefukuza nyuki. Jiwe lilitoka, likaenda nyuma. Mzee aliyesimama chini aliinamisha kichwa, likapita. Ndege walioko kwenye mtama hawakujisumbua hata kuinuka.

"Hilo la tano," mzee alimwambia Euphrasia bila kumtazama. "La pili lilinipata kwenye kisigino."

"Baba, hajawahi kushika."

"Naona." Kisha akamwinulia Enos sauti. "Kijana, acha kwanza kuniua. Wale pale kwenye suke, ni nani?"

Enos alijikinga jua kwa kiganja. "Wale ni kwelea, mzee. Mdomo mfupi, mnene, kama koleo. Huo ni wa kupasulia punje."

"Na yule wa bluu, chini?"

"Kwezi. Mdomo wake mwembamba. Huyo anafuata wadudu, na tunda akilipata. Mtama hauwezi." Alisita. "Na kwelea hali forsadi, mzee. Hata ukimpa. Ninaowataka mimi si hawa wako."

Mzee alimfuata yule kwezi kwa macho. Upepo ulipita juu ya mtama, na masuke yakainama yote upande mmoja.

"Nani kakufundisha midomo?"

"Binti yako, kule kitaluni."

"Na yeye kafundishwa na nani?"

Enos alimtazama Euphrasia, naye akatazama chini. Hakuwa amemwambia. Pengine hakuwa amejiambia hata yeye mwenyewe.

"Na mimi," mzee alisema. "Alikuwa na miaka saba. Juu ya dungu hilo hilo. Nilikuwa namwambia huyu mpige, huyu mwache, huyu hana kesi na sisi. Siku moja akaniuliza, baba, huyu asiye na kesi anakulaga nini? Nikamwonyesha." Alinyoosha mkono, akapokea jagi, akanywa kwa muda mrefu kuliko kiu. "Panda, mama. Mfundishe mwenzako kabla hajanitoa jicho. Mimi nina safari."

Akashika panga, akaondoka kuelekea kwenye mawe ya kilima.

Euphrasia alipanda. Dungu lilikuwa dogo kwa watu wawili wazima, ikabidi wasimame karibu. Alimwonyesha namna ya kuvalisha kitanzi kwenye kidole, namna ya kuliacha jiwe litafute uzito wake lenyewe. Alimshika mkono. Ulikuwa mkono mgumu wa spana, ila mwenyewe alikuwa anageuka kila mara kutazama kilimani.

"Unaogopa nini sasa? Ndege?"

"Naogopa hiyo safari ya mzee. Ameondoka na panga."

Euphrasia alicheka hadi jiwe likamponyoka. Kisha akachukua lingine, akazungusha mara mbili tu, na kombeo likalia kama mjeledi. Kundi zima la kwelea liliinuka kwa mpigo, likageuka hewani, likaenda. Enos hakulitazama. Alikuwa anamtazama yeye, na katika macho yale palikuwa na kitu ambacho Euphrasia alikuwa amekisalia muda mrefu bila kujua kina sura gani.

"Miaka saba," Enos alisema polepole. "Natamani ningekuwa ndege asiye na kesi."

"Una kesi wewe. Subiri hukumu."

Hukumu ilishuka kutoka kilimani jua likiwa limeanza kulegea. Mzee alikuja amebeba gunia mgongoni, mikono imechanwa na miiba, na miguu ina udongo mwekundu hadi magotini. Walimfuata uani. Alilitua gunia kando ya pikipiki, akalifungua taratibu kana kwamba ndani mna mayai.

Mlikuwa na mitandamboo saba, michanga, kila mmoja na bonge lake la udongo. Miiba midogo, majani ya kung'aa. Mmoja ulikuwa na vitunda vitatu vyeusi.

"Inaotaga chini ya mawe, upande usioona jua," mzee alisema. "Tulikuwa tunakula vitunda vyake tukichunga. Hatua zenu ni ngapi?"

"Kumi na mbili, baba," Euphrasia alijibu.

"Hatua mbili, mche mmoja. Sita ya kupanda, na wa saba wa kufa. Mmoja hufaga. Ng'ombe wakiila haiwadhuru." Alimgeukia Enos. "Kule Kiriba mnalima nini?"

"Mihogo, mzee."

"Mihogo haina punje. Ndege wenu wakikaa huko wakashiba, hawana sababu ya kunitembelea." Alipangusa mikono. "Ila jambo moja. Mtandamboo ukihamishwa unanuna. Miaka miwili hautoi kitu. Unataka mtu anayejua miche akae nao pale pale, asubuhi na jioni. Siyo mtu wa kutembelea."

Euphrasia alielewa. Lakini Enos, maskini, alikuwa bado anawaza maji.

"Nitajitahidi, mzee. Nikitoka kwenye injini nitakuwa nabeba ndoo mwenyewe, kila..."

"Kijana," shangazi Bhoke alimkatiza kutoka mlangoni, "unapewa mke hapa, wewe unaongelea ndoo."

"Sijasema hivyo," mzee alisema.

"Umesemaje?"

"Nimesema wazee wake waje baada ya mavuno. Kabla ya mavuno sina nafasi. Nina ndege."

Enos alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, akaushika mkono wa mzee uliochanwa na miiba, akaahidi kwamba atakuja kila Jumamosi kumsaidia kuamia mpaka suke la mwisho liingie ghalani.

"Jumamosi naweza mwenyewe," mzee alisema. Alivua kombeo shingoni, akaliviringisha, akalitia kwenye mfuko wa shati la Enos. "Njoo Jumapili. Nina misimu miwili sijaingia kanisani, na mchungaji ameanza kunisalia kwa jina."

"Nitakuja, baba."

Ni Enos aliyesema neno hilo, baba, na hakuna aliyemsahihisha. Mzee alitembea hadi mlangoni, ambapo shangazi alikuwa amemtengea upya ule ugali alioususa, akasimama, akageuka.

"Wewe utasali huko huko juu ya dungu," alisema. "Lakini uangalie unachoomba."